Nani Alionja Kwanza?

Élisabethville, tarehe 14 Februari 1954

Kwa Yaya, dada yangu mkubwa, Marceline Mumba, Kasomeno

Yaya,

Nakusalimu mimi mdogo wako Floribert. Delphine mke wangu anakusalimu, na mtoto naye, ambaye meno yanamwota na halali, kwa hiyo sisi pia hatulali. Mbali na usingizi hatuna shida. Mvua imetoboa paa upande wa jikoni. Nimeweka sufuria chini, inajaa, namwaga, inajaa tena. Wewe je? Mguu uliouma siku za Noeli umepona? Hukuniandikia tena habari zake.

Sasa neno lenyewe. Mwezi wa nane tunavunja matanga ya mama. Uliniandikia kwamba pombe ya siku ile lazima itoke mikononi mwa watoto wake, na kwamba mikono yako imechoka. Watoto wa mama tumebaki wawili, na mimi pia nina mikono. Usicheke. Najua mwanaume kupika pombe huko kwetu ni kichekesho cha mwaka mzima. Lakini unajua kazi yangu hapa: kiwandani niko kwenye chumba cha mapipa, bia inapochacha. Naiona kila siku, nasikia inavyonong'ona, narudi nyumbani nikinuka harufu yake mpaka Delphine ananigeuzia mgongo. Nikajisemea, nami nitaipika, si ya ulezi kama yako, bali ile nyeupe, yenye povu.

Shayiri inayomwagika kutoka kwenye magunia wanaturuhusu kuifagia tuwapelekee kuku. Kuku wangu hawakuiona. Kapita wetu, msimamizi Donat, alinipa konzi ya yale maua machungu wanayoyaita houblon, na chachu ni ile inayobaki chini ya pipa, wanaimwaga kila wiki. Shida ni baridi. Pombe yako inapenda kukaa karibu na jiko, hii yangu inataka kukaa kwenye baridi siku nyingi. Clovis, dereva wa lori la samaki wa Kasenga, ananiachia barafu inayobaki chini ya mzigo. Nimechimba shimo nyuma ya nyumba, nimeweka bidoni, dumu la bia, ndani, barafu juu, magunia juu ya barafu. Delphine anaogopa polisi wa cité, mtaa wetu huu, maana kupika pombe hapa ni marufuku. Mimi naogopa harufu ya samaki zaidi.

Chupa mbili za kwanza Clovis anakuletea na barua hii. Onja, uniambie kweli. Mama alikuwa hafungui mtungi kabla wewe hujaweka ulimi. Mimi pia nataka ulimi huo huo.

Mdogo wako,
Floribert Chileshe


Kasomeno, tarehe 9 Machi 1954

Kwa mdogo wangu Floribert

Salamu zangu zikufikie, na Delphine, na mwenye meno. Mpakeni ufizi kwa maji ya chumvi na muache kulalamika, wewe ulilia miezi minne. Huku tuko. Daraja la mtoni lilikwenda na maji, malori yamelala upande wa pili karibu juma zima, ndiyo maana nimechelewa kukujibu. Mguu ni mguu. Mihogo imeanza kuoza kwa maji. Nkandu jirani yangu amepata mjukuu wa kiume na sasa hatupumui kwa maringo yake. Shangazi Musonda yuko mzima na ulimi wake uko mzima kuliko yeye.

Chupa zako zilifika. Clovis alizileta mchana, watu wamejaa uani kwangu kama kawaida siku ya kuuza mtungi, na Shangazi amekaa kwenye kigoda chake. Wote wakataka kuona. Nikafungua moja mbele yao. Iliruka, Floribert! Nusu ilikwenda kwenye gauni langu la misa. Tulicheka sana. Nikamimina iliyobaki kwenye kikombe cha bati.

Umeniomba kweli, basi nakuambia kweli. Povu lilipogusa mdomo nilisikia sindano, ndogo ndogo, kama vile sisimizi wanatembea kwenye midomo. Nikasema labda ndiyo tabia yake. Nikameza. Uchungu ukakaa nyuma ya ulimi, sawa, hata dawa inakaa pale. Halafu pembeni za ulimi zikafa. Unajua mguu ukiukalia muda mrefu ukataka kusimama? Hivyo. Nikauma ulimi kidogo ili nijue kama upo. Baadaye ikaja ladha ya shaba, ile ya mtoto anayenyonya sarafu, na ladha hiyo haikuondoka mpaka nilipolala.

Kwa mshangao nilisema kwa sauti, "Eh! Inaniua ulimi!" Nisingesema hivyo mbele ya watu, lakini nilikwisha kusema.

Hakuna mwingine aliyekunywa. Desturi unaijua, mwenye pombe ndiye anaonja kwanza, watu wakimwona amemeza ndipo wananyoosha vikombe. Mwenye pombe alikuwa Élisabethville. Niliyemeza ni mimi, na mimi nikapiga kelele. Chupa ya pili iko chini ya kitanda.

Usivunjike moyo. Na mimi mitungi yangu ya kwanza mama aliwapa nguruwe.

Dada yako,
Marceline


Élisabethville, tarehe 4 Aprili 1954

Yaya,

Salamu kutoka kwetu sote. Meno yametoka, sasa anauma. Delphine ameanza kushonea masista mashuka. Paa nimeliziba kwa bati la pipa.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Nilikasirika, halafu nikaona haya kwa sababu nilikukasirikia wewe uliyesema kweli niliyoiomba. Ngoja nijibu moja moja. Sindano ni hewa. Bia hii inafungiwa na pumzi yake ndani, ukifungua inatoka, inachoma, ndiyo wanayoipenda wazungu. Uchungu ni yale maua. Mpaka hapo sina kosa. Shaba inaweza kuwa kosa langu. Nilichemshia kwenye beseni la shaba la jirani, hapa mjini kila mtu ana kipande cha shaba kilichoingia nyumbani bila kupiga hodi. Nimelirudisha, nimechukua sufuria ya Delphine yenye maua ya buluu, naye hajaniambia neno tangu siku ile.

Lakini ulimi kufa pembeni, hilo silijui. Nilimuuliza Donat. Amefanya kazi kwenye mapipa tangu kabla ya vita. Alicheka, akasema, "Bia hailalishe ulimi, Chileshe. Inalalisha mutu muzima." Yeye mwenyewe alikunywa ile yangu, ya bidoni lile lile. Majirani walikunywa. Walisema ina harufu kidogo ya samaki, wakamaliza.

Nakutumia chupa mbili nyingine. Onja polepole safari hii, peke yako, bila Shangazi. Uniandikie tena vile vile, ulivyosikia kwenye mdomo, ulimi, meno, koo. Usinionee huruma.

Floribert


Kasomeno, tarehe 12 Mei 1954

Kwa Floribert

Nakusalimu. Tuko wazima. Mvua zimekwisha, daraja wamelitengeneza kwa magogo. Mjukuu wa Nkandu amebatizwa. Nimechoka, Floribert, sina habari nyingi.

Nilionja peke yangu, nyuma ya nyumba. Ni vile vile. Sindano kwenye midomo, halafu pembeni za ulimi zikalala, safari hii zilichelewa kuamka. Juu ya kinywa nilisikia kama nimekula uji wa moto, lakini chupa ilikuwa baridi. Meno yakawa manene, kana kwamba si yangu. Na shaba. Sufuria ya Delphine haina kosa, mrudishie na umwombe radhi.

Usitume tena. Pombe ya matanga nitapika mimi mwenyewe ya ulezi, mikono itapata nguvu ikifika siku yake. Wewe leta chumvi na sukari, na vitenge kwa mashangazi kama watu wote wa mjini.

Nataka kukuuliza jambo moja, unijibu kwa neno moja. Kabla hujafunga chupa zile za kwanza, nani alionja?

Marceline


Élisabethville, tarehe 3 Juni 1954

Yaya,

Tuko wazima. Leo salamu zinaishia hapo, nisamehe.

Swali lako nililisoma nikadhani ni la mpishi kwa mpishi. Nilikuwa nimeandika nusu ya jibu. Halafu Clovis alikuja na samaki, akakaa mlangoni, akakataa chai. Nikamwuliza kuna nini. Akasema, "Kule Kasomeno banasema ulituma bulozi mu chupa. Banasema uliua ulimi ya yaya yako juu ubakie peke yako na jina ya mama. Shangazi yako anasema siku ya matanga hautakanyaga kule. Mi sikusema. Banasema bo."

Uchawi, eti nirithi jina la mama peke yangu! Kumbe ndiyo maana ya swali lako! Nani alionja. Mimi nilionja, Marceline. Delphine alionja. Donat alionja. Lakini ulihitaji kuniuliza wewe? Uliyenibeba mgongoni mpaka shule ya mapadri na kunifuta kamasi kwa kanga yako? Imeniuma. Nasema wazi, imeniuma kuliko maneno ya Shangazi.

Sasa na mimi nikuambie jambo. Chupa mbili za mwisho hazikuwa zangu. Nilizinunua kiwandani, nikang'oa karatasi zake, nikakutumia kana kwamba ni zangu, kwa sababu nilishaanza kushuku. Ndiyo bia ile ile inayonywewa katika kila baa ya mji huu. Hakuna hata mmoja anayekufa ulimi. Nawe ukaniandikia sindano, usingizi, meno manene, na shaba.

Kwa hiyo si bia, Yaya. Ni kinywa chako. Ni wewe unaumwa.

Tangu lini? Chumvi unaisikia? Uji je? Maji? Hapa hospitali kuna daktari anayeangalia mambo ya damu na mishipa, dada wa Donat alipona kwake. Panda lori na Clovis uje. Atakukalisha mbele, si juu ya samaki. Na uwaambie watu wa Kasomeno ilivyo. Neno moja lako linatosha. Bila neno lile sitaweza kusimama kwenye kaburi la mama yangu.

Floribert


Kasomeno, tarehe 29 Juni 1954

Kwa mdogo wangu Floribert,

Nakusalimu wewe, Delphine, na mtoto. Namshukuru Mungu kwa afya yenu. Baridi imeingia, asubuhi tunaota moto mpaka jua lipande. Mihogo iliyopona tumeivuna, tumeiloweka. Mzee Mwape atamwoza binti yake mwezi wa tisa, ameniagiza mitungi minne, na watu wa misheni nao wanataka munkoyo wa mahindi wa kunywa sikukuu. Kazi ipo. Bei ya ulezi imepanda. Mbuzi wa Nkandu ameingia shambani kwangu, tumegombana, tumepatana. Padri mpya anahubiri kwa haraka, tunatoka kanisani kabla miguu haijafa ganzi, jambo ambalo wazee wanalisifu.

Umenidanganya kwa chupa. Sikasiriki. Ulifanya kazi yako vizuri. Swali la nani alionja lilikuwa la Shangazi, nilitaka jibu la kumziba mdomo.

Habari za kinywa changu sina cha kuandika.

Unasema neno moja. Wewe uko mjini, mwisho wa mwezi unapewa mshahara hata ukiwa na mafua. Mimi ninakula kwa ulimi huu. Tangu mume wangu alipofariki watu wananyoosha vikombe kwangu kwa sababu wananiona nameza kwanza na kusema imeiva. Siku watakapojua kwamba nasema imeiva bila kusikia kitu, nani atanyoosha tena? Na si hivyo tu. Watauliza, kinywa chake kimeuawa na nani? Hawataacha mpaka wapate mtu. Ukikataa wewe watamtaja Nkandu, kwa sababu ya mbuzi. Unawajua.

Nikisema, nalala njaa. Nikinyamaza, wanakusema wewe. Nimegeuza mambo haya mawili tangu mwezi wa tatu mpaka nimechoka. Nimenyamaza. Usiniite mbaya, najiita mwenyewe.

Pengine usije Agosti. Watu wakisahau utakuja mwaka ujao.

Dada yako,
Marceline

Umeuliza tangu lini. Tangu Noeli. Ilianza na mguu.


Élisabethville, tarehe 25 Julai 1954

Yaya,

Nakusalimu. Delphine anakusalimu na analia, maana barua zako anazisoma kabla yangu. Mtoto anasimama kwa kushika ukuta.

Tangu Noeli. Chupa yangu ya kwanza ilitoka hapa Februari. Basi ulijua, siku ile uani, ukiwa na kikombe mkononi, kwamba si mimi. Na Shangazi aliposema ni mimi, ulikaa kimya. Nimekaa na jambo hili majuma matatu. Nilitaka kukuandikia barua mbaya sana. Niliiandika, Delphine akawashia nayo moto, na sikuandika nyingine, kwa sababu hasira imechoka kabla yangu. Ninachoona sasa ni wewe unakula uji usio na ladha, peke yako, na kuwaambia watu ni mtamu.

Siwezi kuja. Bwana wa kiwanda amekataa ruhusa, kazi ni nyingi, na bila karatasi yake siwezi kupanda lori. Ndivyo ilivyo.

Lakini bia nimeipika. Msimu huu sikuhitaji barafu ya samaki, baridi ya usiku ilitosha, asubuhi nilikuta magunia yamekakamaa kama mbao. Imetulia majuma matano shimoni. Ni njema, Yaya. Sijisifu. Donat alikunywa akavua kofia, na Donat hana kawaida ya kuvua kofia hata mbele ya bwana.

Nimempa Clovis kreti nzima. Ilikuwa haki yangu kumpikia mama pombe ya mwisho, nimeitimiza. Mkitaka kuimwaga, imwageni kando ya kaburi lake, angalau yeye hataogopa. Na ile habari ya daktari bado ipo. Hilo silifuti.

Floribert


Kasomeno, tarehe 23 Agosti 1954

Kwa mdogo wangu Floribert,

Salamu nyingi kwako na kwa Delphine. Mwambie asilie, atamlisha mtoto huzuni. Mkono unaandika taratibu, vidole viwili vya kushoto navyo vimeanza kulala, lakini naandika kwa wa kulia.

Matanga ya mama tumeyavunja Jumamosi. Tulifyeka kaburi, tukapaka chokaa msalaba. Watu walikuja wengi, hata kutoka Lukafu. Nakuandikia mambo yote kama yalivyokwenda, ili usisikie kwa Clovis peke yake, anapenda kuongeza.

Nilitoa mitungi yangu mitatu. Nilichota, nikanywa mbele yao, nikasema, "Imeiva." Wakanyoosha vikombe. Nkandu alikuwa amenionjea kwa siri, ndiye aliyeniambia imeiva, na hivyo ndivyo nimefanya kila mtungi tangu mwaka uanze. Alinionjea hata wakati ule tumegombana juu ya mbuzi. Alikuja usiku, akaonja, akasema, "Bado siku moja," akaondoka bila kuniaga.

Halafu Clovis akaleta kreti yako na kuiweka katikati ya ua. Hakuna aliyesogea. Shangazi Musonda alisema, "Ile ya mulozi, mupeleke kule mbali. Batoto bako hapa." Clovis akasema yeye atakunywa kwanza. Shangazi akamwambia, "We ni dereva, hauko damu. Mwenye pombe iko wapi? Akuye, aonje."

Floribert, nilitazama kreti ile. Ulifuta kila chupa, nilijua ni wewe kwa sababu tangu utoto unafuta kitu mara mbili. Nikawaza, huyu amempikia mama pombe, na mama hatainywa kwa sababu ya kimya changu. Nikasimama. Nilifungua chupa moja kwa kisu, nikamimina, nikasema kwa sauti wasikie mpaka nyuma:

"Hii kinywa yangu ilikufaka tangu Noeli. Chupa ya Floribert ilikuwa haiyafika. Hata maji inanichoma, hata chumvi siyui. Ni bugonjwa, haiko mutu. Mi nilinyamaza juu ya kula. Mwenye pombe hayuko, mi ni damu yake, mi naonja pa fasi yake."

Nikanywa kikombe chote bila kupumzika. Sindano zilikuja, ulimi ukalala, shaba ikaja. Machozi yalinitoka, wakafikiri ni hewa ya bia. Nililia, nakuambia wewe tu.

Hapo ndipo Shangazi akauliza, taratibu, "Na hii ya kwako tunakunywa, nani anaonjaka?" Nikajibu, "Nkandu." Nkandu akainama. Watu wakatazama vikombe vyao, vile vya ulezi wangu. Mmoja akakiweka chini, kisha mwingine. Mke wa Mwape alikiweka chini pia. Jana ametuma mtu kuniambia kwamba mitungi ya harusi wamempa mama mmoja wa Lukafu. Hakusema kwa ubaya. Alinirudishia hata kapu langu la kimea, na yai moja juu yake.

Kwa hiyo sipiki tena. Nilidhani nitaumia zaidi. Nimelala siku mbili mfululizo, jambo ambalo sijafanya tangu nikiwa msichana. Nkandu analeta uji na kuniambia una chumvi kiasi gani. Baada ya kutwanga mihogo iliyobaki nitapanda lori kuja kwako, daktari wako aniangalie. Nitafutie mahali pa kulala mbali na huyo anayeuma.

Sasa kuhusu bia yako. Siwezi kukuambia ilivyo. Niliimeza tu, sikuionja. Lakini niliwatazama walioionja. Nkandu alikunywa kwanza baada yangu, kwa ukaidi nadhani. Kisha Clovis, kisha watu wa Lukafu ambao hawakujua ugomvi wetu. Walinyamaza. Mtu akinywa kitu kibaya hanyamazi namna ile, anatazama pembeni. Hawa walitazama ndani ya kikombe. Mzee Mwape alishika shavu, akasema, "Inanichoma chini ya meno," halafu akacheka kama kijana na kuwaita wenzake waje wachomwe.

Shangazi alikaa na kikombe chake muda mrefu, watu wote wakimtazama. Akanywa kidogo. Aliiweka mdomoni bila kumeza, nikaona mashavu yanafanya kazi. Akameza. Hakuomba radhi kwako wala kwangu, na usingoje aombe. Alinyoosha kikombe mara ya pili.

Unaniandikia bwana alikukatalia ruhusa. Clovis anasema hukuomba. Sikulaumu, ningekuwa wewe nisingeomba pia. Mwezi wa kumi na moja tunawaombea marehemu, na watu wameniuliza kama utaleta kreti nyingine, nikawaambia mwenye pombe ataileta mwenyewe na kuonja mwenyewe mbele yao. Safari hii omba ruhusa kweli.

Dada yako,
Marceline